Unataka kufunga kadi yenye ada ya mwaka? Tazama kikomo chako kwanza

Ada ya mwaka ikishaingia kwenye taarifa ya kadi, ndipo watu wanaponikumbuka. Mimi si mtu wa benki. Naandaa makaratasi ya kodi hapa Columbus, Ohio, na kwa kuwa nimezoea kushika hesabu za watu, kadi zao nazo huishia mezani kwangu. Swali ni lile lile: "Mjomba, nikiifunga hii, alama zangu za mkopo zitaanguka?"

Zinaweza kushuka, yaani ile namba wakopeshaji wanayoitumia kukupima. Ila sababu si ile inayozungushwa kwenye vikundi vya WhatsApp, kwamba kadi ya zamani ikifungwa basi historia yako inafutika siku hiyo hiyo. Historia haifutiki. Kinachoondoka ni kikomo cha mkopo cha kadi hiyo, yaani kiasi cha juu ambacho benki inakuruhusu kukopa kwenye kadi, na hapo ndipo alama zinapopigwa. Ukilishika hilo, unaweza kuacha kulipa ada bila kuumia, au ukaumia kidogo kwa mwezi mmoja miwili.

Tuanze na umri wa kadi, maana ndio unaotisha watu bure. Alama za FICO, zile ambazo wakopeshaji wengi wa Marekani wanazitazama, zinakwenda kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 inatokana na kulipa kwa wakati, 30 na kiasi unachodaiwa, 15 na urefu wa historia yako, 10 na mikopo mipya, na 10 na aina za mikopo ulizonazo. Watu husikia "urefu wa historia" wakadhani kadi iliyofungwa inatoka kwenye hesabu. Haitoki. Akaunti iliyofungwa ikiwa safi hubaki kwenye ripoti yako ya mikopo mpaka miaka 10, na muda wote huo FICO inaendelea kuihesabia umri. Kadi uliyoifungua mwaka 2015 ukiifunga leo, bado itakuwa inazeeka kwenye ripoti kama zile zilizo wazi. Itakapokuja kuondoka, kadi zako nyingine nazo zitakuwa zimeota mvi.

Kwa nini basi ukifunga kadi, programu ya bure kwenye simu inakuonyesha umri umeporomoka? Kwa sababu si kila programu inatumia FICO. Credit Karma, kwa mfano, inaonyesha VantageScore, ambayo ni hesabu ya watu wengine, na inaweza kuacha baadhi ya akaunti zilizofungwa inapopima umri. Mtu anaona rangi nyekundu, anapata presha. Kabla hujaipata, angalia namba hiyo ni ya nani, halafu uliza mkopeshaji unayemwendea anatumia ipi.

Hesabu inayouma

Mpwa wangu ana kadi tatu. Ya kwanza ni ya shirika la ndege, kikomo dola 9,000, ada dola 95 kwa mwaka, nayo haitumii kabisa tangu ahamie kazi isiyo na safari. Ya pili ni ya bure, kikomo 3,500, na taarifa ya mwisho ilionyesha anadaiwa 1,800. Ya tatu, ya bure pia, kikomo 2,500, deni 600.

Jumla ya vikomo ni dola 15,000, jumla ya deni 2,400. Anatumia asilimia 16 ya alichopewa, si vibaya. Sasa aifunge ile ya ndege. Deni ni lile lile 2,400, hajaongeza hata senti, lakini vikomo vimebaki 6,000. Asilimia 16 imeruka ikawa 40. Kwenye macho ya FICO, mtu yule yule aliyekuwa anajimudu jana, leo anaonekana amebanwa. Wala hajanunua kitu.

Hiyo ndiyo sababu nasema tazama kikomo. Mtu mwenye vikomo vya dola 60,000 akifunga kadi ya dola 3,000 hatasikia chochote. Mtu mwenye kadi mbili, akafunga ile kubwa huku ndogo ina deni, atasikia sana. Na asiyedaiwa kitu kwenye kadi yoyote hana cha kugawanya: sifuri kwa 15,000 au sifuri kwa 6,000 ni sifuri.

Kuna jambo moja ambalo mpwa wangu hakuwa ameliona. FICO haiangalii jumla peke yake, inapima pia kadi moja moja. Ile ya pili, 1,800 kwa 3,500, ilikuwa imeshapita asilimia 51 hata kabla hajafikiria kufunga chochote. Kwa hiyo alama zake zilikuwa zinavuja hapo siku zote, na kadi ya ndege ilikuwa inamfichia tu. Tulipanga apunguze deni hilo kwanza. Akifika jumla ya dola 500, hata na vikomo vya 6,000 atakuwa anatumia kama asilimia 8, chini kuliko alivyokuwa na kadi zote tatu.

Mtasikia "usivuke asilimia 30". Sijui kwa nini imekaa vichwani kama amri. Hakuna ukuta kwenye 30. Kadiri unavyoshuka ndivyo unavyopata nafuu, na wenye alama za juu kabisa huwa chini ya 10. Halafu deni linaloripotiwa kwa kawaida ni lile lililokuwepo siku taarifa ya mwezi inapofungwa, si siku ya mwisho ya kulipa. Hizo ni tarehe mbili tofauti, zinaachana karibu wiki tatu au zaidi. Lipa siku chache kabla ya taarifa kufungwa, na Equifax, Experian na TransUnion, ofisi tatu zinazotunza ripoti za mikopo, watapelekewa namba ndogo.

Habari njema ni kwamba matoleo ya FICO yanayotumika sana hayana kumbukumbu ya matumizi ya miezi iliyopita. Mwezi huu ukiwa 40, mwezi ujao ukawa 8, yanahesabu 8. Matoleo mapya kama FICO 10T yanatazama nyuma kama miaka miwili, lakini hata hayo yanampenda anayeshuka kuliko anayepanda.

Usiseme "funga" kwanza

Ukipiga simu benki, neno la kwanza lisiwe kufunga. Uliza kama wanaweza kukubadilishia kadi hiyo iwe nyingine ya benki hiyo hiyo isiyo na ada. Hii ndiyo dawa bora, na inanishangaza ni wachache kiasi gani wanaoijua. Akaunti inabaki ile ile, tarehe ya kufunguliwa inabaki, kikomo kinabaki, na kwa kawaida benki haivuti ripoti yako upya, yaani haiombi kuiona kwenye zile ofisi tatu, kwa sababu hujaomba mkopo mpya. Mwenye Chase Sapphire Preferred, kwa mfano, anaweza kuomba iwe Freedom Unlimited. Mwenye Blue Cash Preferred ya American Express anaweza kuomba Blue Cash Everyday.

Si kila kadi ina ndugu wa bure. Platinum, Gold na Green za American Express hazina. Kadi ya shirika la ndege au hoteli kwa kawaida inahamia tu kwenye kadi nyingine ya shirika lile lile, kama ipo isiyo na ada. Na benki nyingi hazikubali kubadilisha kabla kadi haijatimiza mwaka, kwa hiyo usijisumbue mwezi wa tano. Ujue pia kwamba ukibadilishiwa hupati ile zawadi ya pointi wanayopewa wateja wapya wa kadi hiyo. Kama zawadi yenyewe ni nono na alama zako ziko vizuri, huenda ni bora kuiomba kama kadi mpya. Hapo utajipimia mwenyewe.

Piga namba iliyo nyuma ya kadi, si ile uliyoikuta kwenye intaneti; matapeli wananunua matangazo yanayofanana kabisa na ya benki. Kama Kiingereza cha simu kinakukimbia, tumia ujumbe ndani ya programu ya benki. Mimi napendelea ujumbe hata kwa wasemao Kiingereza vizuri, kwa sababu jibu linabaki limeandikwa. Maswali ni manne, na usikate simu mpaka uyajibiwe:

Tarehe ya kufunguliwa akaunti itabaki ile ile? Kikomo kitabaki? Mtavuta ripoti yangu? Na ada niliyokwisha kutozwa, inarudi yote au nusu?

Hilo la nne linategemea siku. Benki nyingi zinakupa kama siku 30 tangu taarifa yenye ada itoke. Ndani ya hapo ukifunga au ukibadilisha, ada inarudishwa. Ukichelewa, wengine wanarudisha kwa sehemu, wengine hawarudishi hata kidogo. Kwa hiyo andika mwezi wa ada ya kila kadi mahali utakapopaona. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukisema unafikiria kuiacha kadi, wakati mwingine watakuhamishia idara ya kubakiza wateja, na hapo utasikia ofa: pointi ukitumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu, au punguzo la ada mwaka huu. Sikiliza, lakini usinunue vitu ili upate ofa. Dola 95 zilizosamehewa kwa kutumia 2,000 ambazo hukupanga si msamaha.

Kama hakuna kadi ya bure ya kuhamia, uliza swali la pili: je, kikomo cha kadi hii kinaweza kuhamishiwa kwenye kadi yangu nyingine hapo hapo benki? Baadhi ya benki zinakubali, mradi zote ziwe kadi binafsi. Mpwa wangu angekuwa na kadi nyingine kwenye benki ya ile ya ndege, angeweza kuhamisha, tuseme, 8,000 kati ya zile 9,000 kisha akafunga ganda tupu. Hakuwa nayo. Njia yake ya pili ilikuwa kuomba kadi zake nyingine ziongezewe kikomo, na hapo lazima uulize kwanza kama benki itavuta ripoti kwa ombi hilo. Nyingine zinavuta, nyingine hapana.

Nani asifunge sasa

Anayetaka kununua nyumba au gari karibuni. Wakopeshaji wa nyumba kwa kawaida wanachukua alama kutoka ofisi zote tatu, wanatumia ile ya katikati, na pointi chache zinaweza kukuhamisha ngazi ya riba. Riba hiyo utailipa miaka 30. Lipa tu hiyo dola 95, nunua nyumba, pokea funguo, ndipo uje na kadi yako tuzungumze. Na usidhani ukishakubaliwa mkopo umemaliza, maana wanaweza kuangalia ripoti tena kabla ya siku ya kusaini.

Mwenye kadi moja tu naye asubiri. Akifunga, anabaki bila akaunti ya aina hiyo iliyo wazi, na FICO hainyamazii hilo. Kuna zaidi: ili FICO ikutolee alama, inahitaji angalau akaunti moja iliyoripotiwa ndani ya miezi sita. Mtu aliyefunga kadi yake pekee na hana mkopo mwingine anaweza kujikuta hana alama kabisa baada ya muda. Tafuta kwanza kadi isiyo na ada, ikae kidogo, ndipo uachane na ya zamani.

Na kama kadi inakulipa zaidi ya inavyokula, iache. Kadi za mashirika ya ndege nyingi zinatoa begi la kwanza bure. Begi ni dola 35 au zaidi kwa kila upande. Mume na mke wakienda na kurudi mara moja, hiyo ni 140. Ada ya 95 imejilipa. Lakini hesabu uliyotumia kweli mwaka jana, usihesabu safari unazoziota.

Asiye katika makundi hayo, mimi namwambia afunge bila wasiwasi. Nimeona mtu analipa ada mwaka baada ya mwaka kwa kadi iliyolala kwenye droo, "kulinda alama". Hana mpango wa kukopa, na hata madeni hana. Hizo alama analinda za nini? Pesa inayotoka kila mwaka haina mjadala. Kushuka kwa alama kunaweza kusitokee, na kukitokea kwa sababu ya kikomo kunarekebishika kwa kulipa deni.

Tena droo ndiyo hatari kubwa kuliko kufunga. Nimekutana nayo zaidi ya mara moja: kadi haitumiki, mtu amezima malipo ya moja kwa moja, amebadilisha anwani, ada inaingia. Taarifa inakwenda kwenye nyumba ya zamani. Benki inaongeza faini ya kuchelewa, na siku 30 zikipita inaripoti kwamba umechelewa kulipa. Sasa umegusa ile asilimia 35, na alama hiyo ya uchelewaji inakaa miaka 7. Yote hayo kwa kadi ambayo hukununulia hata chumvi. Kama huitaki, iondoe. Kama unaitaka, iwekee malipo ya moja kwa moja.

Na wale wanaodhani wakifunga kadi waliyowahi kuchelewa kuilipa, uchelewaji utaondoka nayo, hapana. Unabaki miaka yake 7, kadi iwe wazi au imefungwa.

Siku ya kufunga

Pointi kwanza. Maili zilizokwisha kuingia kwenye akaunti yako ya shirika la ndege kwa kawaida ni zako, hazifi na kadi. Pointi za benki yenyewe ni kisa kingine: ukifunga kadi pekee inayozishika, zinaweza kupotea zote. Zihamishe au zitumie kabla hujapiga simu, wala usikubali maneno ya "tutakuwekea".

Kisha pitia taarifa za mwaka mzima, si za mwezi mmoja, utafute malipo yanayojikata: bima ya gari inayokatwa kila miezi sita, simu, programu ya filamu, barabara za kulipia. Ile ya mara moja kwa mwaka ndiyo inayokwepa macho. Kama mkeo au mtoto ameongezwa kwenye kadi hiyo, mwambie mapema. Kadi yake inakufa pamoja na yako, na kama yeye ndiyo kwanza anajenga historia, kikomo hicho kilikuwa kinamsaidia. Kama kadi ni ya dhamana, ile uliyowekea amana benki ili upewe, uliza amana yako itarudi vipi na kwa anwani ipi.

Lipa mpaka sifuri. Unaweza kufunga huku unadaiwa, lakini riba inaendelea, na deni lisilo na kikomo kando yake halipendezi kwenye ripoti. Ulikuwa unabeba deni mwezi hadi mwezi? Basi jihadhari na riba ya mabaki, ile inayohesabiwa kati ya siku taarifa ilipotoka na siku ulipolipa. Unalipa yote, unajiona huru, mwezi unaofuata inakuja dola 11 na senti kadhaa. Subiri taarifa moja yenye sifuri kamili, ndipo ufunge. Kama ni kinyume, duka limekurudishia pesa na benki ndiyo inayodaiwa na wewe, waandikie. Sheria inawapa siku saba za kazi kukurudishia wakipata ombi lako kwa maandishi.

Omba barua au ujumbe unaosema akaunti imefungwa kwa ombi lako na salio ni sifuri. Andika tarehe na jina la aliyekuhudumia. Endelea kufungua programu ya benki mwezi mmoja miwili, kwa sababu kuna malipo ya zamani yanayoweza kupenya hata baada ya kufunga.

Baada ya siku 30 hadi 60, nenda AnnualCreditReport.com, ambako ripoti za ofisi zote tatu ni bure kila wiki. Tafuta akaunti hiyo kwenye kila ripoti. Iwe imefungwa, salio sifuri, imeandikwa kuwa mteja ndiye aliyefunga. Maandishi hayo hayabadilishi alama za FICO, ila mkopeshaji anayesoma ripoti kwa macho yake hatadhani benki ndiyo iliyokufukuza. Ukikuta bado iko wazi au ina deni, peleka pingamizi kwa ofisi yenye kosa pamoja na ile barua. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Ofisi moja ikirekebisha usidhani nyingine zimerekebisha, zifungue zote tatu tena.